Chausiku na Meli za Mto Thames

Waliopata kufika nyumbani kwetu hapa Gravesend wanamjua Chausiku, paka mweusi akaaye dirishani akiutazama mto. Wasilolijua ni kwamba mwezi uliopita alikuwa karibu ya kufa, na sababu ilikuwa uzi wa kofia.

Mama yangu hushona kofia za viua kwa mkono. Usiku mmoja aliiacha kazi yake kitini, na asubuhi tukamkuta paka anatapika, hataki chakula, amejikunyata chini ya kitanda. Mwanangu wa miaka tisa alimfungua kinywa akaona uzi mweupe umenasa chini ya ulimi, akanyoosha mkono ili auvute. Bibi yake akampigia ukelele aache. Hana elimu ya utabibu. Ajualo ni kwamba uzi uliokwama hauvutwi.

Daktari wa wanyama alisema ukelele ule ulimwokoa. Ncha moja ya uzi ikinasa ulimini na nyingine ikashuka ndani, utumbo hujaribu kuusukuma, hushindwa, ukajikunja mithili ya kitambaa kilichokazwa mshono. Ukiuvuta, waweza kuukata utumbo wenyewe.

Alipasuliwa siku ile ile. Gharama sitaitaja, ila akiba ya nauli ya Mombasa haipo tena. Tiba ya wanyama haimo katika huduma ya afya ya serikali hapa Uingereza. Mwenye kipato kidogo na aulize kwa PDSA, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1917. Jirani mmoja alituambia kuwa paka ni paka tu. Mama hakumjibu, ila tangu siku hiyo hulala saa moja baadaye, akishona kofia za kuuza.

Uuguzi ulikuwa wa subira. Kola ya plastiki shingoni asirambe mshono, chakula laini kidogo kidogo mara nne kwa siku, na asiruke kabisa. Dawa ni ile tu aliyoandikiwa. Nawasihi wenye paka: parasetamoli ya kabatini msimpe, kwani hata kidonge kimoja chaweza kumwua.

Kwa kuwa hakuweza kupanda dirishani, mwanangu alimwekea kikapu juu ya meza, wakawa wanatazama meli pamoja. Hapa Gravesend rubani wa bahari hushuka na rubani wa mto hupanda, na mashua yao huambatana na ubavu wa meli ingali inakwenda. Chausiku hakuzijali meli. Macho yake yalikuwa kwenye ile mashua. Zile kubwa kabisa za makontena hatuzioni, maana huishia London Gateway, bandari iliyofunguliwa mwaka 2013 upande wa baharini. Zetu ni zinazoingia Tilbury, ng'ambo yetu, na zile za sukari ghafi ziendazo Silvertown.

Mama, aliyekulia Likoni akitazama meli za Kilindini, humfundisha mjukuu wake kuzisoma kwa rangi ya chini ya ubavu. Ikionekana nyingi, meli ina njaa. Ikizama majini, imeshiba. Siku ya tano paka alipoimaliza sahani yake, mtoto alipaza sauti toka juu: "Bibi, imeshiba!"

Nyuzi za mshono zilitolewa siku ya kumi na mbili. Za Mama sasa hulala ndani ya kopo la biskuti, na kifuniko chake kimewekewa jiwe.