Maelekezo ya kurudia katika ufumaji

Maelekezo ya kurudia ni alama na maneno yanayomwonyesha mfumaji ni sehemu gani ya ruwaza aifume tena, na mara ngapi. Hutumika katika ufumaji wa sindano mbili na katika kroshia. Mstari mmoja wa sweta unaweza kuwa na vitanzi zaidi ya 100, na kuvitaja kimoja kimoja kungejaza kurasa bure. Anayejifunza kufuma vitambaa vya makochi kwa kumtazama mwenzake hazihitaji alama hizi. Anayefuata ruwaza iliyoandikwa hawezi kuzikwepa.

Kinyota

Kinyota (*) huonyesha mahali sehemu inayorudiwa inapoanzia. Chukua mstari wa skafu yenye vitanzi 30:

*K2, P2, rudia kuanzia * hadi vibaki vitanzi 2, K2.

K ni kitanzi cha kawaida, P ni kitanzi cha kinyume, na namba ni idadi yake. Sehemu inayorudiwa ina vitanzi 4. Ukitoa 2 katika 30 hubaki 28, yaani sehemu 7 kamili, kisha K2 ya kumalizia. Ndiyo sababu ruwaza husema mwanzoni kwamba vitanzi viwe kigawe cha 4 kuongeza 2. Anayetaka skafu pana zaidi anaweza kuanza na 34 au 38, lakini si 36, kwa kuwa sehemu ya mwisho itakatika katikati.

Mara 3 au mara 4?

Ruwaza ikisema "rudia kuanzia * mara 3", sehemu hiyo tayari imefumwa mara moja. Jumla yake ni mara 4. Ikiandikwa "[K2, P2] mara 3", jumla ni 3 tu. Tofauti hii ndogo huwapotosha wengi, na mara nyingi hugunduliwa mistari kadhaa baadaye, kazi ikalazimika kufumuliwa. Waandishi makini huongeza neno "zaidi". Lisipokuwepo, idadi ya vitanzi ndiyo mwamuzi.

Katika kroshia umbo lenyewe husaidia. Kipande cha mraba kinachoanzia katikati kinaweza kuwa na mzunguko huu: *(vitanzi virefu 3, minyororo 2, vitanzi virefu 3) katika nafasi ya pembe, mnyororo 1, rudia kuanzia * mara 3 zaidi. Mraba una pembe 4, basi hesabu inakubali.

Tazama pia kwamba mabano hayo hayamaanishi kurudia. Yanasema vitanzi vyote vilivyomo viingie katika nafasi moja. Orodha ya vifupisho ya Craft Yarn Council ya Marekani inayapa mabano ya mviringo maana zote mbili, kwa hiyo ni lazima kusoma maneno yanayoyafuata. Katika ruwaza za nguo kuna maana ya tatu: "mara 4 (5, 6)" ni saizi ndogo, ya kati na kubwa. Ni vizuri kuzungushia namba za saizi yako kwa kalamu kabla ya kuanza.

Rudio ndani ya rudio

*K1, [YO, K2tog] mara 3, K1. Rudia kuanzia * hadi mwisho.

Hapa hufuatwa kanuni ya mabano katika hesabu: ya ndani kwanza. YO ni kuzungusha uzi kwenye sindano, na huongeza kitanzi 1. K2tog ni kufuma vitanzi 2 kwa pamoja, na hupunguza 1. Sehemu nzima hutumia vitanzi 8 na kuacha 8. Mstari wa vitanzi 48 utakuwa na sehemu 6. Wafumaji wengi huweka kijipete cha uzi wa rangi nyingine kwenye sindano kila baada ya sehemu, ili kosa litafutwe ndani ya vitanzi 8 badala ya 48.

Mistari na michoro

Mistari nayo hurudiwa. "Rudia mistari ya 3 hadi 10 mara 4 zaidi" humaanisha mistari 32 juu ya 10 iliyokwisha, jumla 42.

Katika ruwaza za michoro, sehemu inayorudiwa huzungushiwa mstari mzito, mara nyingi mwekundu. Katika ufumaji wa sindano mbili, mstari wa upande wa mbele husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama maandishi ya Kiarabu, na ule wa kurudi husomwa kutoka kushoto. Kazi ya mviringo, kama kofia, husomwa kutoka kulia kila mzunguko.