Kidonge Kimoja, Maini Mawili

Wagonjwa wawili wa kifua kikuu wenye uzito sawa humeza asubuhi moja kidonge cha isoniazidi cha miligramu 300. Baada ya saa sita damu yao ikipimwa, huenda mmoja akakutwa na dawa mara nne zaidi ya mwenzake. Hakuna aliyedanganya, wala dawa haikuharibika. Tofauti imo ndani ya ini, nayo imekuwamo tangu siku walipotungwa mimba.

Mwili hauitambui dawa kuwa ni dawa. Kwake ni kitu kigeni tu, sawa na sumu ya mmea, nacho sharti kitolewe. Dawa nyingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Tabia hiyo huziwezesha kupenya kuta za seli, lakini pia huzifanya ziwe vigumu kutolewa na figo, kwani zikisha kuchujwa hurejea tena katika damu. Hapo ndipo ini linapoingia kazini. Vimeng'enya vyake, yaani protini ziharakishazo mabadiliko ya kikemia pasipo zenyewe kutumika, huzibadili dawa hizo ziweze kuyeyuka majini na kutoka pamoja na mkojo. Tena damu itokayo utumboni hupitia kwenye ini kabla ya kuufikia moyo. Kwa hiyo sehemu ya dawa iliyomezwa huweza kubadilishwa hata kabla haijafika inakohitajiwa.

Isoniazidi ni mfano mzuri wa kazi hiyo, ingawa una upekee wake. Dawa hii ilitengenezwa kwanza huko Prague mwaka 1912, ikakaa katika maandishi ya wakemia kwa miaka 40, hata mwaka 1952 ilipotangazwa kwamba inaua bakteria wa kifua kikuu. Kimeng'enya kinachoishughulikia zaidi huitwa N-asetiltransferezi 2, kwa kifupi NAT2. Huchukua kikundi cha asetili kutoka kwa asetili-koenzimi A, molekuli ileile ambayo wanafunzi hukutana nayo katika somo la upumuaji wa seli, na kukipachika kwenye isoniazidi. Kwa kuwa isoniazidi huyeyuka vizuri majini tangu mwanzo, kazi ya NAT2 hapa ni kama kuing'oa meno: ikisha kupachikwa asetili, haiwadhuru tena bakteria.

Kasi ya kazi hiyo hupimwa kwa muda unaohitajiwa ili nusu ya dawa iondoke katika damu. Kwa watu wenye NAT2 ya kasi muda huo ni kama saa moja hadi moja na nusu. Kwa wenye NAT2 ya polepole ni kama saa tatu, na huweza kuzidi. Tuseme wagonjwa wale wawili walianza na mikrogramu 4 za dawa katika kila mililita ya damu. Katika saa sita, yule wa saa moja na nusu amekwisha kugawa kwa mbili mara nne, amebakiwa na 0.25. Yule wa saa tatu amegawa mara mbili tu, bado ana 1. Zikitimia saa kumi na mbili, wa pili atakuwa na dawa mara kumi na sita zaidi ya wa kwanza. Hesabu hii fupi yafaa kufanywa ubaoni, maana huonyesha jinsi tofauti ndogo ya kasi inavyozaa tofauti kubwa ya matokeo.

Mwaka 1960 D. A. Price Evans na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya Marekani katika familia 53. Waliwapa watu kipimo cha isoniazidi kulingana na uzito, wakapima damu baada ya saa sita. Kama kasi ingetegemea lishe au umri tu, mchoro wa matokeo ungetazamiwa kuwa na kilima kimoja. Ulikuwa na vilima viwili. Tena ilionekana kwamba kasi hiyo hurithiwa, na kwamba mtu wa polepole ni yule aliyepokea nakala dhaifu ya jeni kutoka kwa baba na kwa mama pia. Jeni yenyewe ilikuja kujulikana baadaye kuwa iko katika kromosomu ya 8. Katika Japani watu wa polepole ni kama mmoja tu kati ya kumi. Ulaya ni nusu au zaidi kidogo. Misri ndio walio wengi kabisa.

Je, kuna madhara gani? Isoniazidi ikikaa mwilini kwa muda mrefu huingilia kazi ya vitamini B6, ambayo mishipa ya fahamu huihitaji. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi, kisha nyayo kuwaka moto. Mwaka 1954 watafiti wa Marekani walitambua kwamba wanaopatwa zaidi na hali hiyo ni wale ambao miili yao huibadili dawa polepole. Kinga yake ni rahisi mno: kidonge kidogo cha vitamini B6, yaani piridoksini, kila siku. Mgonjwa asiyeelezwa haya huweza kuidhania dawa kuwa ndiyo ugonjwa mpya, akaiacha katikati, na bakteria waliobaki wakapata nafasi ya kuwa sugu.

Wenye kasi nao wana hatari yao. Katika majaribio yaliyofanywa Madras, nchini India, wagonjwa waliopewa dawa mara moja tu kwa juma walipona vizuri zaidi walipokuwa wa polepole. Kwa wenye kasi dawa iliondoka upesi mno. Dawa ilipotolewa kila siku, tofauti hiyo haikuonekana.

Vimeng'enya havibaki vilevile daima. Rifampisini ni mwenzi wa isoniazidi katika tiba ya miezi sita, tiba ambayo majaribio yake yalianza Afrika ya Mashariki mwaka 1970. Dawa hii hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya jamii nyingine, ile ya saitokromu P450. Vimeng'enya hivyo huivunja upesi hata homoni iliyomo katika vidonge vya kuzuia mimba. Mwanamke anayetumia vidonge hivyo anapoanza tiba ya kifua kikuu humpasa kupewa njia nyingine ya uzazi wa mpango, la sivyo huenda akashika mimba huku akiwa hajaruka kidonge hata siku moja.

Huko Japani watafiti walijaribu kuwagawia wagonjwa isoniazidi kwa kufuata jeni zao, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wa polepole walipewa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili badala ya 5 za kawaida, na wenye kasi wakapewa 7.5. Katika kundi la polepole waliopewa kipimo hicho kidogo hakuna aliyeumia ini kwa sababu ya dawa, ilhali wengi wa wenzao waliopewa kipimo cha kawaida waliumia.