Gari Lililokamatwa na Haki ya Mwenyewe

Mkaaji wa Kampala huliacha gari lake kando ya barabara, karibu na soko la Nakasero au maduka ya Kikuubo. Akirudi halioni. Kwanza hudhani limeibwa. Kisha wapita njia humwarifu kuwa limekokotwa na watu wa baraza. Kwa tajiri hiyo ni hasara ya siku moja. Kwa dereva wa teksi, au mchuuzi aliyefuata ndizi zake, ni chakula cha watoto kilichofungiwa uani.

Hatusemi kuwa wakuu wa mji wakae kimya. Njia za katikati ya Kampala zimesongamana, na gari moja lililoachwa ovyo laweza kuzuia hata gari la zimamoto. Tunalouliza ni hili: uwezo wa kulikamata umetoka wapi, na mwenye gari atasikilizwa na nani?

Jawabu limo katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Ibara ya 26 inalinda mali ya mtu isichukuliwe pasipo sheria. Ibara ya 28 inakataza mtu kutiwa hatiani kwa kosa ambalo halikuandikwa katika sheria pamoja na adhabu yake. Ibara ya 42 inampa kila afikaye mbele ya ofisa wa serikali haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kuupeleka uamuzi wa ofisa huyo mahakamani.

Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya mwaka 2010 iliweka Mamlaka ya Jiji mahali pa Baraza la zamani, na kuipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini sheria ndogo haiwezi kuipinga Katiba, na uamuzi wa kikao au tangazo la mdomo si sheria iliyoandikwa.

Basi mwenye gari afanyeje? Kwanza adai kwa maandishi aonyeshwe kifungu cha sheria kilichotumika, na atunze stakabadhi ya kila shilingi aliyotozwa. Pili apeleke malalamiko yake katika ofisi yenyewe, kwa kuwa kanuni za mwaka 2019 zinataka njia hizo zimalizwe kwanza. Asiporidhika, aende Mahakama Kuu. Asikawie: kanuni za mwaka 2009 zinampa miezi 3 tangu sababu ya malalamiko ilipozuka, isipokuwa mahakama ikiongeza muda.

Huko hakimu hataulizwa kama gari liliegeshwa vizuri. Atapima kama ofisa alikuwa na uwezo, kama alifuata utaratibu, na kama alitumia busara. Akiona kasoro aweza kuubatilisha uamuzi, kuuzuia usirudiwe, na kuamuru fidia.

Huko Scotland, mwaka 1992, mahakama iliamua kuwa walinzi waliofunga magurudumu ya magari katika uwanja wa watu binafsi, wakidai fedha, walitenda wizi. Kosa la dereva halikuwapa uwezo wasiopewa na sheria.

Twawasihi madereva waheshimu alama za barabarani. Nao wakuu wa mji, kabla ya kutuma gari la kukokota, waweke alama zinazoonekana, watangaze ada zao, na wateue ofisa wa kusikiliza malalamiko siku ile ile. Hapo hata mwenye kosa atalipa bila kinyongo.