UYOGA WA KICHINA NA KANSA YA INI

Wasomaji, huenda mmekwisha kusikia habari za uyoga wa Kichina uitwao lingzhi, ambao siku hizi huuzwa hata hapa kwetu ukiwa umesagwa na kuchanganywa na kahawa. Wako wauzaji wasemao kwamba aunywaye hapati kansa. Yafaa jambo hili lielezwe, maana mtu aweza kumaliza fedha za karo bure.

Ni kweli kwamba waganga wa China wametumia uyoga tangu zamani sana. Lingzhi ni mgumu kama ubao, nao hung'aa kama uliopakwa vanishi. Huchemshwa, hauliwi kama mboga. Lakini kwa kansa ya ini, uyoga uliopimwa vizuri ni mwingine, jina lake huaier, uotao juu ya shina la mti. Mwaka 2018 madaktari wa China walitangaza habari za wagonjwa 1,044 waliopasuliwa na kuondolewa kansa. Baada ya majuma 96, katika kila wagonjwa 100 waliopewa huaier, 62 walikuwa hai na kansa haijarudi. Kwa wasiopewa walikuwa 49. Faida hiyo si ndogo. Lakini hao walikuwa wagonjwa tayari, chini ya daktari. Dawa haikujaribiwa kwa mtu mwenye afya ili asipatwe.

Kinga yenyewe ilionekana Qidong, nchi ya wakulima penye mdomo wa mto Yangtze. Watu wa huko walikula mahindi, nayo kwa unyevu yaliota kuvu. Kuvu ni jamaa ya uyoga, ila hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, iletayo kansa ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Tangu miaka ya 1980 walipogeukia mchele, vifo vya kansa hiyo vilipungua sana, zaidi kwa vijana.

Sisi ugali hatuwezi kuuacha. Nasi sumu hiyo twaijua: mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Basi anikeni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise; chumvi ikishika chupa, mahindi bado mabichi. Hata isiposhika, ongeza siku ya jua. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yenye kuvu msimpe ng'ombe, kwani sumu hutokea katika maziwa, wala moto wa jikoni hauiondoi. Na mtoto apelekwe kliniki akiwa na majuma 6, 10 na 14, kwa sindano ambayo ndani yake mna kinga ya homa ya ini.