Chemirocha, Malaika na Makmende: Nyimbo Zetu Zilizovunja Rekodi

Wimbo wa ajabu kuliko wote uliowahi kuzaliwa na santuri ya kigeni katika nchi hii haukutoka Nairobi wala Mombasa. Ulirekodiwa ng'ambo ya msitu wa Mau, Kapkatet, mwaka 1950. Ukipanda matatu hapa Molo asubuhi, ukapitia Mau Summit na Kericho, utafika huko na bado utalala kwako.

Wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, walimwimbia mtu waliyemwita Chemirocha. Mtu huyo alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyefanya kazi ya reli kabla ya kushika gitaa, na ambaye wapenzi wa muziki wa kantri humwita baba wa muziki huo. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933, kabla hajakanyaga Afrika. Zilizofika huku ni santuri zake. Watu walisikia namna alivyoivunja sauti, ikaruka kutoka chini hadi juu kabisa, wakajiuliza ni kiumbe gani hiki. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki na mitambo yake ya kurekodi, aliandika kwamba wasichana wale walimwona kuwa nusu mtu, nusu swala, na kwamba katika wimbo wanamwalika aje acheze nao mpaka nguo zimtoke.

Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Mimi huirudia ya tatu, hiyo ya wasichana. Kinubi kinaenda polepole, sauti zinaingia kwa pamoja, na ndani yake husikii gitaa la Mississippi hata kidogo. Watakuwapo watakaosema kwamba huko si kuimba upya, maana hawakuchukua sauti ya wimbo wala maneno yake. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuuweka juu ya orodha. Wasichana wa Kapkatet waliuchukua mshangao wenyewe wakautungia wimbo wa kwao. Mwaka 2014 maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis. Ningetamani kila shule ya bonde hili la Ufa iwe na nakala.

Mbegu ya Rodgers haikuishia hapo. Ukanda huu wetu wa juu, wenye baridi, kondoo na viazi, unapenda kantri kwa moyo wote. Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams wanajulikana hapa kama jamaa wa ukoo, na Kenya ina mwimbaji wake wa kantri, Elvis Otieno, anayeitwa Sir Elvis, anayeziimba nyimbo hizo kwa heshima kubwa. Lakini wanaozipeleka nyimbo mbali zaidi ni wapiga mugithi. Mtu mmoja, gitaa moja, mashine ya kupiga midundo, na ukumbi mzima unashikana mabega ukizunguka kwa mstari. Anaanza na wimbo wa Joseph Kamaru, anaingia kwenye wa Kenny Rogers bila kusimamisha mkono, kisha tenzi za kanisani, kisha benga ya miaka ya sabini, na wachezaji hawaachi mstari. Ukiniuliza ni nani katika Kenya wanaoimba upya nyimbo nyingi zaidi kwa usiku mmoja, nitakuonyesha hao. Hakuna mtu anayewahesabia.

Wimbo wetu uliosafiri zaidi, sina shaka, ni Malaika, wimbo wa kijana asiye na mahari. Fadhili William wa Taita ndiye aliyeurekodi na kuufanya ujulikane mwanzoni mwa miaka ya sitini, ingawa mzozo wa nani aliutunga haujaisha hadi leo. Wapo wanaomtaja Adam Salim, na wengine humtaja Grant Charo. Miriam Makeba aliupeleka Marekani, akauimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965 iliyopata tuzo ya Grammy. Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Sweden likauimba, na kwenye kinanda alikuwa kijana Benny Andersson, ambaye miaka michache baadaye alikuwa mmoja wa wale wanne wa ABBA. Boney M. wakautoa mwaka 1981 kwa mdundo wa disko. Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu ya Logozo mwaka 1991.

Nimewasikiliza wote hao mmoja baada ya mwingine, na ningekuomba ufanye hivyo. Makeba anauimba kama mtu anayeijua shida inayozungumzwa. Kidjo anaupunguza hadi unabaki karibu sauti tupu, na hapo maumivu ya kijana asiye na mahari yanasikika wazi kabisa. Boney M. walipata midundo wakapoteza umaskini, na bila umaskini wimbo huu hauna mifupa. Wa Fadhili mwenyewe ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu haujitahidi kusikitisha. Gitaa linatembea, kijana anaeleza shida yake, basi. Fadhili aliaga dunia mwaka 2001.

Boney M., kundi lililoundwa na Frank Farian huko Ujerumani Magharibi, walirudi tena pwani yetu mwaka 1983 kuchukua Jambo Bwana, wimbo ambao Them Mushrooms walikuwa wameutoa mwaka mmoja nyuma. Teddy Kalanda Harrison aliutunga kwa ajili ya watalii wa hoteli za Mombasa, ukauza nakala zaidi ya 200,000 nchini Kenya kati ya 1982 na 1987, hata ukapata tuzo ya platinamu. Kwa miaka ile ya kanda na santuri, hiyo ni idadi ya kuvuliwa kofia. Wengi huudharau wimbo huu kwa kuwa ulitungwa kwa wageni. Mimi siudharau. Kutunga wimbo ambao Mjerumani aliyeshuka ndege jana anauimba leo jioni bila kukosea ni ufundi mgumu sana, na waliojaribu kuufuata ufundi huo ni wengi kuliko waliofaulu.

Kabla ya Boney M., hata hivyo, kuna rekodi ambayo Wakenya wameisahau na inaniuma. Daudi Kabaka, mfalme wa twisti wa bendi ya Equator Sound, alitunga Helule Helule. Mwaka 1968 vijana wa Uingereza, The Tremeloes, waliurekodi kwa Kiingereza ukapanda hadi nafasi ya 14 katika chati ya Uingereza. Fikiria ulikuwa mwaka gani: Beatles bado wako pamoja, redio za London zimejaa gitaa, na katikati yao kuna wimbo wa mtu wa kwetu. Utafute wa Tremeloes, halafu utafute wa Kabaka. Waingereza walipiga kelele nyingi zaidi. Kabaka ana nafasi, na katika nafasi hiyo miguu inapata pa kuingia.

Wimbo ulioimbwa upya na Wakenya wengi kuliko wowote ni ule tunaosimama wima kuuimba. Sauti ya wimbo wa taifa ilitokana na bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, alilolitoa Mzee Meza Moroa Galana, na kamati ya wanamuziki watano, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ikaipanga kwa ajili ya uhuru mwaka 1963. Kila Jumatatu asubuhi watoto wa shule za Molo, mikono yao ikiwa imekakamaa kwa baridi, wanaimba sauti ambayo mama wa Kipokomo alimlazia mtoto. Majirani zetu Watanzania nao wanaimba sauti ya Enoch Sontonga, aliyoitunga Afrika Kusini mwaka 1897, na Wazambia nao wanaitumia. Kwa idadi ya nchi zinazoiimba, sauti ya Sontonga haina mpinzani kusini mwa Sahara.

Sasa tuje kwenye video, maana huko ndiko vijana wa siku hizi wanakohesabia ushindi.

Video ya kwanza ya muziki ya Kenya kuenea kwenye intaneti kama moto wa nyika ilikuwa Ha-He ya Just A Band, Machi 2010. Ndani yake kuna Makmende, jamaa wa afro na kitambaa kichwani anayewachapa wahuni mmoja mmoja, imepigwa kama filamu za miaka ya sabini. Kwa siku chache Wakenya waliacha kazi wakatunga vichekesho kuhusu nguvu za Makmende, na habari ikafika hadi CNN. Video ile ilipigwa na wanakundi wenyewe, Jim Chuchu na Mbithi Masya wakishika uelekezi, na naamini hiyo ndiyo sababu haijazeeka: kila picha ina mtu aliyeipenda. Sauti Sol walifuata njia hiyo ya kurudi nyuma katika Suzanna mwaka 2020, wakavaa na kuchezesha mabega kama bendi ya televisheni ya zamani. Ni nzuri sana. Makmende bado anatangulia.

Kwa watu wa Nakuru kuna video ambazo haziangaliwi kwa furaha tupu. E-Sir, kijana wa South C aliyeimba Boomba Train na Nameless, alikuja kutumbuiza Nakuru Machi 2003, na alipokuwa akirudi Nairobi ajali ya barabarani ikamuua. Alikuwa na miaka 21. Hakuna msanii wa Kenya aliyeacha alama kubwa hivyo kwa muda mfupi hivyo. Video zake zina picha hafifu za kamera za enzi zile, na mashairi yake yanapita kwa Kiswahili cha mtaani kilicho laini kuliko cha wengi waliomfuata.

Kwa wingi wa kutazamwa, macho yaende magharibi. Innoss'B, mtoto wa Goma, alimwita Diamond Platnumz kwenye Yope mwaka 2019, na video ya toleo hilo imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Lingala na Kiswahili vinapokezana humo bila kusukumana. Uganda imepiga hatua kubwa zaidi. Mwaka 2014 watoto wa Kampala waliokuwa chini ya mwalimu Dauda Kavuma walicheza Sitya Loss ya Eddy Kenzo kwenye udongo mwekundu, bila taa, bila mavazi ya kukodi, na dunia ikawafuata. Mwaka uliofuata Kenzo akapata tuzo ya BET. Mwaka 2017 French Montana akaja Kampala kupiga video ya Unforgettable, akawaweka watoto hao mbele, na video hiyo imepita mara bilioni moja. Mwaka 2023 kundi lao, Ghetto Kids, lilifika fainali ya Britain's Got Talent. Kwa gharama ndogo na matunda makubwa, Sitya Loss ndiyo video bora ya Afrika Mashariki ninayoijua. Tazama miguu ya wale watoto: hakuna anayemwiga mwenzake, na wote wako pamoja.

Na aliyeimba upya bila kuimba? Kili Paul na dada yake Neema, Wamasai wa kijiji cha Mindu Tulieni mkoani Pwani, Tanzania. Mwaka 2021 walianza kujirekodi wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wakiwa wamevaa shuka, nyuma yao nyasi na ng'ombe. Kila silabi iko mahali pake. Februari 2022 Ubalozi wa India ulimtunuku Kili, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika kipindi chake cha redio. Sisi tuliokua tukitazama sinema za Kihindi bila kuelewa neno, tukilia mahali pa kulia, tunajua kwamba vijana hawa hawaigizi mapenzi yao.

Safari ya Kiswahili kwenda nje nayo ina vituko vyake. Michael Jackson aliifungua Liberian Girl, ya mwaka 1987, kwa maneno ya Kiswahili yaliyosemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ingawa Liberia iko mbali kabisa na wasemaji wa lugha hii. Rekodi iliyo rasmi zaidi ni ya Baba Yetu. Christopher Tin, Mmarekani, aliichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili akaitengenezea muziki wa mchezo wa kompyuta Civilization IV wa mwaka 2005. Februari 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kushinda Grammy. Tangu hapo kwaya za vyuo na makanisa, Marekani, Ulaya na Asia, zimeuimba mara zisizohesabika, nyingi zikiwa na waimbaji ambao hawajui neno jingine la Kiswahili.

Nyingi ya hizo nimezitazama. Zina upangaji safi wa sauti, taa nzuri na kumbi za fahari, ila maneno mara nyingi yanatamkwa kwa tahadhari, kama ya mtu anayevuka mto kwa mawe. Kenya imekuwa na tamasha la muziki la shule tangu 1927, na kwaya za bonde hili hushuka huko kila mwaka zikiwa zimejiandaa vya kutosha. Ninaisubiri siku ambapo moja ya kwaya hizo, yenye watoto walioisema sala hiyo tangu wakiwa chekechea, itasimama mahali pa wazi huku juu, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye mashamba ya viazi, mtu ashike kamera vizuri, nao waiimbe Baba Yetu kwa kasi yao wenyewe.