Kutoka 'Kuona' hadi 'Kujua': Kitenzi *věděti na Funzo Lake Kwetu

Katika somo la isimu historia, kila mwaka hutokea mwanafunzi anayetueleza kwamba kitenzi kujua na nomino jua vina asili moja, kwa kuwa elimu ni mwanga. Hoja hiyo hupendeza masikioni. Katika makala haya mafupi tutaipima, lakini kwanza tuzunguke mbali kidogo, hadi katika lugha za Kislavi za Ulaya.

Wanaisimu wameunda upya kitenzi cha Mame-Slavi *věděti, 'kujua'. Kinyota hicho, ambacho matumizi yake yalienezwa na August Schleicher katika karne ya 19, huonyesha kwamba lugha mame yenyewe haikuacha maandishi, na kwamba umbo hilo limepatikana kwa kulinganisha lugha dada.

Mzizi wake ni wa kale zaidi, nao ni *weid- wa Mame-Indo-Ulaya wenye maana ya 'kuona'. Hali timilifu ya mzizi huo, yaani 'nimeona', ilikuja kumaanisha 'najua', kwani aliyekwisha kuona anajua. Ndiyo sababu Kisanskriti kina veda, Kigiriki cha kale oida na Kijerumani weiß, yote yakimaanisha 'najua', ilhali Kilatini videre ni 'kuona'. Kislavi kilirithi pande zote mbili: *viděti 'kuona' na *věděti 'kujua'.

Je, vizazi vyake viko wapi leo? Kicheki kina vědět, Kipolandi wiedzieć na Kislovenia vedeti, vyote vikitumika kila siku. Katika Kirusi, vedat' ina ladha ya kale. Msemaji wa kawaida husema znat', kitenzi cha mzizi mwingine. Hata hivyo, uzao wa vedat' haukupotea: ved'ma ni mchawi wa kike, yaani mwanamke ajuaye. Kicheki nacho kina věda 'sayansi', na Kipolandi wiedza 'maarifa'.

Undugu huu hauthibitishwi kwa kufanana tu, bali kwa mwachano wa sauti wenye utaratibu. Neno 'habari' la mzizi huu ni vest' kwa Kirusi, wieść kwa Kipolandi, vijest kwa Kikroeshia na vist' kwa Kiukreni. Sasa tutazame 'theluji': sneg, śnieg, snijeg, snih. Irabu *ě imetoa e, ie, ije na i kwa mpangilio ule ule katika maneno yote mawili. Hiyo ndiyo kanuni.

Pasipo kanuni, tunanaswa. Dubu kwa Kirusi ni medved', na med ni 'asali'. Msikilizaji hudhani kwamba dubu ni 'ajuaye asali'. Sivyo. Sehemu ya pili hutokana na kitenzi cha 'kula', nayo v ni mabaki ya u iliyokuwa mwishoni mwa neno la kale la asali, *medu-. Dubu ni 'mla asali'.

Turudi sasa nyumbani kwa mwanafunzi wetu. Kishona husema zuva kwa jua la angani, lakini -ziva kwa kujua. Kichewa husema dzuwa na -dziwa. Irabu za mzizi hazilingani, kwa hiyo tuna mizizi miwili ambayo Kiswahili kimeigonganisha katika umbo moja. Luganda na Kinyarwanda hutupa ushahidi wa ziada: jua ni enjuba na izuba, ilhali kujua ni okumanya na kumenya, mzizi tofauti kabisa.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, mwanafunzi akileta asili ya neno, tusimkatishe tamaa wala tusimkubalie upesi. Tumwulize: lugha dada zinasemaje, na kanuni ya sauti iko wapi? Wanafunzi wetu wengi wanazo lugha hizo vinywani mwao tangu utotoni. Huo ni utajiri ambao somo la Kiswahili halina budi kuutumia.