Tarumbeta tano, wazee wanne

Bigwala, muziki na uchezaji wa tarumbeta za vibuyu wa ufalme wa Busoga nchini Uganda, haina nyota. Kila tarumbeta ya kibuyu hutoa sauti moja tu, na wimbo hupatikana kwa kupokezana: huyu akiachia, mwenzake anadaka. Seti ndogo kabisa ina tarumbeta tano. Mwaka 2012, UNESCO ilipoitia bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, mafundi wazee waliosalia, wenye ujuzi wa kutengeneza tarumbeta hizo, kuzipiga na kucheza, walikuwa 4. Hata seti moja hawaijazi.

Ulinganishe na mchezo uliodumu kuliko yote pale Broadway, New York. The Phantom of the Opera ulianza Januari 1988 ukafungwa Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981. Kinyago cha mhusika mkuu kilivaliwa na waigizaji wengi. George Lee Andrews peke yake alipanda jukwaani mara 9,382, kisha naye akaondoka 2011, na mchezo ukaendelea bila yeye.

Wepesi huo wa kubadilisha watu unanunuliwa. Miaka ya mwisho mchezo ulikuwa ukila karibu dola 950,000 kwa wiki. Kwa maonyesho 8 ya wiki, hiyo ni takriban dola 119,000 kwa onyesho moja. Humo mna mishahara ya wachezaji wa akiba wanaojua nafasi za wenzao, mavazi ya kushonwa upya kwa kila mwili mpya, na mazoezi ya mgeni wakati wenyeji wanaendelea na kazi. Mzigo ukizidi, watu hupunguzwa: katika toleo la London la mchezo huohuo, 2021, wanamuziki walishushwa kutoka 27 hadi 14.

Bigwala haipunguziki. Toa tarumbeta moja, wimbo unabaki na pengo.

Bigwala ilifikaje kubaki na wazee wanne? Kazi yake kubwa ilikuwa ya kifalme, kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme. Katiba ya 1967 ikafuta falme za Uganda, na Kyabazinga, yaani mfalme wa Busoga, Henry Wako Muloki, alitawazwa Februari 1995. Miaka 28. Mtoto wa miaka 10 aliyepaswa kuanza kujifunza 1967 alikuwa na 38 mfalme aliporudi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaolalamika kwamba wazee wameondoka na sanaa yao. Wazee huondoka siku zote. Safari hii hapakuwa na aliyeingia.

Baadaye UNESCO ilitoa msaada usiofika dola 25,000, yaani kama moja ya tano ya gharama ya onyesho moja la Phantom. James Isabirye, mwanamuziki na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alikuwa mbele katika kuwakutanisha vijana na wazee. Lakini vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika, na tarumbeta moja huundwa kwa vipande kadhaa vya vibuyu vilivyounganishwa. Ikabidi zitafutwe mbegu, zipandwe, zisubiriwe. Mwanafunzi wa muziki akaanza na jembe.

Mbale, kwingine Uganda, hawana shida ya kukosa wanaoingia. Imbalu, tohara ya Wamasaba, hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na hufunguliwa Agosti pale Mutoto. Kijana anayecheza katikati ya ngoma za kadodi huja mara moja tu maishani. Msimu ujao ni zamu ya wengine. Katika ile miaka 28 ya Busoga kukaa bila mfalme, kalenda ya imbalu ilikuwa na misimu 14. Gharama nazo hazikai mfukoni mwa ikulu wala mfadhili: kila ukoo hulisha wageni wake, huandaa pombe yake na kutunza wapiga ngoma. Mfuko mmoja ukikauka, mingine ipo.

Kwa Busoga bado mfuko ni mwembamba, na shughuli za ufalme si za kila mwezi. Kundi lililotimia lina wapiga tarumbeta wasiopungua watano, wapiga ngoma, waimbaji na wachezaji. Ukiwaalika Jinja, nauli na chakula ni kwa vichwa vyote, na mwandaaji anayeomba waje watatu tu ajue kwamba hajaalika bigwala.